Moshi wa Ejersa

Mama Gakii, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Bulapesa, anasema kwanza alisikia mlio. Anasema ulikuwa kama wa mbuzi aliyebanwa na lango. Halafu akaona moshi unatoka chini ya mlango wetu, mweupe, mzito, na ilikuwa alasiri, saa ambayo hakuna mtu anapika. Anasema aliita mara tatu, Asli, Asli, Asli, na mimi sikuitika. Basi akausukuma mlango kwa bega, na ndani akanikuta nimemfunga mama yangu kwa kamba juu ya kigoda, nimemfunika blanketi gubigubi, na mimi nimesimama nyuma yake.

"Alikuwa anamfukiza kama mzinga," huwaambia wanawake kwenye bomba la maji. "Kwetu kule Meru tunafukiza nyuki ndio watoke. Sasa huyu alitaka nini itoke? Si roho?"

Wengine hucheka. Halafu wakiniona nakuja na mtungi, wananiachia nafasi mbele, nichote haraka niende zangu.

Kamba haikuwako. Hilo nalisema kwanza. Katika yale mengine, Mama Gakii hakukosea sana.

Mama yangu, Qabale, alikuwa mwanamke wa samli. Ng'ombe wetu walipokwisha kule Sericho, katika ule ukame wa themanini na nne, tulikuja mjini sisi wawili, na kaka yangu Umuro akabaki huko na ngamia sita. Hapa mama alipata maziwa kutoka kwa wenye ng'ombe wa Gotu, akayasuka mpaka siagi itoke, akachemsha samli, na samli ya Qabale ilikuwa na jina. Ilikaa hata miezi minane bila kubadilika. Watu waliokuwa wakisafiri mbali walikuja kuiulizia mlangoni.

Siri yake haikuwa siri. Kila Mborana anajua kwamba gorfa, kile chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, hakisafishwi kwa maji. Unachukua kijiti cha ejersa, ule mzeituni wa mwitu, unakiwasha mpaka ncha iwe kaa, unakitia ndani, unafunika, unatikisa. Moshi unaingia kwenye nyuzi. Unarudia mara ya pili. Mara ya tatu. Wanawake wote hufanya hivyo. Mama aliwapita kwa pua tu. Akimaliza alikuwa anaweka uso wote kwenye mdomo wa gorfa, anavuta pumzi, anatulia kama mtu anayesikiliza habari za mbali, halafu anasema neno moja. "Imekubali." Au, "Bado." Tangu nikiwa mtoto nilikuwa nafukiza gorfa na kumpelekea anuse, na hizo "bado" zake nilizila nyingi kuliko ugali.

Ugonjwa ulianzia kwenye pua hiyo hiyo. Siku moja mwaka wa themanini na sita, mwenye hoteli ya chai karibu na soko la mifugo alituletea kopo lake mpaka nyumbani.

"Mama Qabale, salaam aleikum. Hii umenipa ni samli ama ni mafuta ya kupaka mlango?"

"Pua yako ndiyo imeoza," mama akamwambia. "Nenda kaioshe."

Yeye akacheka, mimi pia nikacheka. Alipoondoka nikanusa. Ilikuwa imechacha, ile harufu kali inayokaa nyuma ya ulimi. Nikaenda kuangalia gorfa zetu tano. Moja ilikuwa imefukizwa mpaka nyuzi zimeungua pembeni. Nne hazikuguswa.

Nilianza kufukiza mwenyewe kwa siri, asubuhi kabla hajaamka. Sikumwambia. Baada ya hapo mambo yakafuatana. Akawa anasimama mlangoni kila jioni na kuuliza kama ng'ombe wamerudi. Nikimwambia ng'ombe walikufa, analia upya kama amepata habari leo. Nikaacha kumwambia. Nikawa nasema, wako njiani, Aayo, ndivyo tunavyomwita mama. Anakubali, anakaa. Halafu anauliza tena.

Siku nyingine aliniangalia muda mrefu nikichambua maharagwe.

"Wewe ni binti wa nani?"

"Wako, Aayo."

"Haya. Mimi pia nina msichana rika lako. Mvivu huyo!"

"Mvivu kiasi gani?"

"Anafukiza gorfa kama mtu anayefukuza mbu."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa.

Mvua za vuli zilipokwisha, Umuro alikuja kutuona. Mama alimpokea kwa furaha, akamshika mikono yote miwili, akamwita kwa jina la mjomba wetu aliyekufa zamani. Umuro ni mtu mzima mwenye ndevu. Nilimwona akigeuza uso.

"Ni mji huu," akaniambia nje. "Mji umemla kichwa. Nitarudi Ramadhani ikiisha. Nikikuta hanijui, namrudisha Sericho."

"Kwa maji gani, Umuro? Huko kisima ni mwendo wa siku nzima. Hapa akipotea mtu anamleta mlangoni. Huko akipotea ni fisi."

"Fisi wa Sericho wanamjua. Wanamwogopa."

Alikuwa anafanya mzaha, lakini alimaanisha. Mimi ndiye nilijua mama anatoka nyumbani mara ngapi kwa siku. Mara saba, nane, anakwenda kutafuta ng'ombe. Nilijua anasahau kunywa maji nisipomshikia kikombe. Huko porini, kwa watu wanaolala leo hapa na kesho kule, hangemaliza mwezi. Kwa hiyo nilikuwa na muda mpaka Idi kumfanya mama amjue mwanawe.

Mwezi wa tatu nikasikia kuna daktari anayetoka Nairobi, siku ya Alhamisi moja kila mwezi, anakaa chumba cha nyuma cha zahanati na kuuliza habari za wazee waliopotewa na akili. Aliitwa Daktari Gedi. Alikuwa amesoma Ulaya, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, na daftari lenye jalada gumu. Nilimvalisha mama shuka yake mpya, nikampeleka.

"Mama, leo ni siku gani?" daktari akauliza.

"Siku ya wewe kuniuliza maneno."

"Mwaka huu ni mwaka gani?"

"Wewe ndiye umesoma. Mimi ndiye nikuambie?"

"Haya. Huyu msichana ni nani?"

Mama akaniangalia. Mimi nilikuwa nimekaza magoti, namwombea. Akasema, "Huyu ni mtu mzuri. Hunipa chai."

Daktari akaandika. Alimpima macho, akampima mkono, akamnusisha sabuni, kahawa, na kitunguu, na mama hakutaja hata kimoja. Kisha akaniambia kwamba ugonjwa huu una jina la daktari wa Ujerumani aliyeuandika zamani, Alzaima, na kwamba dawa yake hakuna. Alisema hivyo polepole, akiangalia mikono yangu.

"Ugonjwa huu unatoka wapi?" nikamuuliza. "Tulimkosea nani?"

"Hamkumkosea mtu. Hakuna anayejua hakika, dada. Wako wataalamu wanaofikiri hivi. Ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Basi unajua oksijeni. Hewa tunayovuta ndiyo inatuweka hai, lakini ikitumika ndani ya mwili inaacha cheche. Cheche ndogo sana, hazionekani. Mwili una askari wa kuzizima. Mtu akizeeka, askari wanapungua, cheche zinazidi. Na ubongo, sehemu kubwa yake ni mafuta. Cheche zikigusa mafuta..."

"Yanachacha," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Ndiyo. Kama samli iliyoachwa wazi. Na chuma kikishika kutu ni jambo hilo hilo."

Nilikumbuka misumari. Darasa la sita mwalimu aliweka misumari katika chupa tatu. Moja ilikuwa na maji, imeachwa wazi, moja na hewa kavu, na moja na maji yaliyochemshwa, yamefunikwa mafuta juu ili hewa isipite. Baada ya wiki tulikuta ule wa kwanza umekuwa mwekundu. Wa tatu uling'aa. Wasichana wenzangu walisahau. Mimi nilitaka kujua msumari uling'aa kwa sababu ya nini, na mwalimu akasema, umekingwa.

"Mama yangu alikuwa na samli haichachi miezi minane," nikamwambia daktari.

"Alifanyaje?"

Nikamweleza gorfa na ejersa. Alifurahi sana, mpaka akasimama. Akasema Waborana walijua jambo hili kabla ya vitabu, kwamba ndani ya moshi wa mti ule kuna kitu kinachozuia mafuta yasiharibiwe na hewa. Alisema, "Moshi huo ni askari." Akaliandika hilo katika daftari lake, akalipigia mstari chini.

Hakuniambia nifanye lolote. Alinipa vidonge vya vitamini, akaniambia nimlishe mboga za majani, nimpe kazi nyepesi, nirudi mwezi ujao. Lakini mimi njia yote nikirudi nyumbani, nimemshika mama mkono, nilikuwa nimebeba neno moja tu, askari.

Sasa, sisi wanawake tuna qayya. Unachimba shimo dogo kwenye kona ya nyumba, unatia makaa na vijiti vyenye harufu, unakaa juu yake umejifunika shuka kuanzia shingoni kwenda chini, moshi unaingia mwilini. Bibi harusi hufanya, mwanamke aliyejifungua hufanya. Mama alikuwa akifanya tangu ujana wake. Kwa hiyo sikuona kama naanzisha kitu kigeni. Nilichimba shimo, nikatia ejersa safi niliyoagiza kutoka mlimani, nikamkalisha juu ya kigoda, kichwa kikiwa nje, kama desturi.

Siku ya kwanza aliimba. Wimbo wa kunywesha ng'ombe, ubeti kwa ubeti, wala hakukosea. Siku ya pili alikaa kimya, amefumba macho, uso umelainika. Siku ya tatu nilikuwa nachochea makaa akasema:

"Asli, moshi umezidi."

Nikaangusha kijiti.

"Umesema nini, Aayo?"

"Moshi. Umezidi. Unataka kuniua?"

Alikuwa ananigombeza kama zamani. Jina langu sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu kabla ya vuli. Nikatoka nje nikamkuta Mama Gakii anaanua nguo, nikamwambia, "Ameniita!" Naye akanishika bega akasema, "Mungu asifiwe." Hayo hasimulii kwenye bomba la maji.

Laiti ningeishia hapo. Lakini zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani ianze, na kesho yake mama aliamka akaniuliza kama mimi ni mgeni kutoka Garba Tulla. Nikafikiri. Mimi ni mtu wa kufikiri polepole na kwa mpango. Nikasema, mafuta yanayochacha hayako tumboni wala miguuni, yako kichwani. Na kichwa ndicho nimekiacha nje. Mtu akifukiza gorfa, haachi mdomo wazi. Anafunika.

Basi alasiri ile nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia. Nikawasha ejersa nyingi. Nikamfunika mama blanketi lote, kichwa na yote, nikahesabu kama ninavyohesabu chombo, mara tatu. Mara ya kwanza alikohoa. Nikafunua, akapumua, nikafunika. Mara ya pili alikohoa zaidi, akataka kusimama. Akasema kwa Kiborana, "Nifungulie." Nikamshika mabega kutoka nyuma. Nikambonyeza chini. Nikamwambia, "Vumilia, Aayo. Imebaki moja. Ni dawa." Alikuwa mwepesi. Hata kumshika hakukuhitaji nguvu. Ule mlio aliosikia Mama Gakii ulitoka hapo.

Mara ya tatu hakukohoa. Nilifurahi. Hilo ndilo sijamwambia mtu, kwamba nilifurahi, nikasema moyoni, sasa imeanza kukubali.

Halafu mlango ukavunjika na Mama Gakii akaingia.

Siku tisa mama alilala hospitali. Walimwekea mpira puani, na karibu na kitanda kulikuwa na mtungi mrefu wa chuma. Nikamuuliza nesi ndani kuna nini. Akasema oksijeni. Nilikaa nikiuangalia ule mtungi. Hewa ile ile.

Daktari Gedi alipofika Alhamisi yake, alisikia, akaja wodini na daftari lake. Alimfunua mama jicho kwa kidole gumba. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kingine.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Ulisema moshi ni askari."

"Nilisema kwa samli."

"Ulisema ubongo ni mafuta."

Nje watu walikuwa wakisukuma gari la chakula, sahani zikilia.

"Samli haipumui, dada," akasema. "Mama yako anapumua. Moshi ukiingia kifuani unaondoa hewa kwenye damu, na unakuja na cheche zake, nyingi. Ni kama..." Akaacha. Nadhani alikuwa anatafuta mfano mwingine, kisha akaogopa kunipa.

"Kwa hiyo nimeongeza."

"Ugonjwa ungeendelea hata hivyo."

"Lakini nimeongeza."

Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akapata ule mstari aliouchora. Akaangalia hapo. Kisha akafunga daftari, akaniambia nimgeuze mama upande kila saa mbili asipate vidonda.

Mama alirudi nyumbani akitembea. Alikula akilishwa. Lakini hakusema neno tena. Hakuuliza ng'ombe. Jioni nilikuwa nasimama mlangoni mimi mwenyewe nikimsubiri aulize, nimjibu wako njiani, naye anaangalia ukuta.

Umuro alikuja siku ya pili ya Idi. Kabla ya kufika kwetu alipita kwenye bomba kunywa maji, na hapo akapewa habari yote, na kamba pia. Aliingia bila salamu. Akapiga magoti mbele ya mama, akasema jina lake mwenyewe mara mbili, "Mimi Umuro. Ni Umuro." Kisha akaja kwangu.

"Kamba ilikuwa ya nini?"

"Kamba haikuwako."

"Na mikono?"

Nikaificha chini ya shuka.

"Kesho kuna lori linarudi Sericho. Tunaenda nalo."

"Nichukue na mimi. Nitamlisha. Nitalala mlangoni asitoke."

"Huko hatuna milango ya kufunga, Asli."

"Umuro, hatamaliza mwezi. Unajua."

"Na hapa angemaliza?"

Mama Gakii alikuwa amesimama uani na bakuli la uji alilomletea mama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliniangalia usoni. Akasema, "Mwache msichana aende na mama yake, baba." Umuro akamwambia, "Wewe ndiye umeniambia." Mama Gakii akaweka bakuli chini, akarudi kwake.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilichagua gorfa moja, ile ndogo ambayo mama aliisuka mwenyewe nikiwa tumboni mwake. Nilikwenda kuifukizia nje, mbali na nyumba, upepo ukielekea upande mwingine. Nilitia ejersa mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Niliifanya kazi ile vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Kisha nikaikung'uta, nikaipangusa, nikafunika.

Lori lilikuwa limesimama kando ya soko la mifugo, linanuka ngamia. Dereva alikuwa amewasha injini. Umuro alikuwa nyuma anafunga magunia ya sukari na unga. Mama walikuwa wamemkalisha mbele karibu na dirisha, shuka imefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Nilipanda kwenye kidaraja cha mlango ili uso wangu ufikie wake.

"Aayo."

Alikuwa anaangalia kioo.

Nikaondoa kifuniko. Nikampa gorfa mikononi, na vidole vyake vikaishika, kimoja kimoja, mahali penyewe, kama vilivyokuwa vikiishika siku zote. Nikaiinua taratibu mpaka mdomo wa gorfa ukafika usoni kwake. Niliona kifua chake kinapanda. Alivuta pumzi. Alitulia.

Umuro akapiga bodi ya lori kwa kiganja mara mbili, dereva aondoke.

"Aayo," nikasema, "nusa vizuri. Niambie. Imekubali ama bado?"